Wingu Ling'aalo Kati ya Nyota

Leo tuache kidogo hesabu za duka, tutazame juu.

Wengi wenu mnakijua Kilimia, lile fungu la nyota ndogo. Mwezi wa Januari, yapata saa tatu usiku, kitafuteni, kisha geukeni mashariki. Mtaona nyota tatu kali zimejipanga mstari mmoja. Kusini yake ziko nyingine tatu, hafifu. Ile ya katikati itazameni sana: ina ukungu. Hiyo si nyota moja. Ni wingu, nalo huitwa Nebula ya Orion.

Si wingu la mvua, wala si moshi. Ni hewa nyembamba mno, hasa haidrojeni, iliyo nyepesi kuliko hewa zote. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, lakini kulivuka wingu hili huchukua miaka 20 na zaidi. Kufika kwetu huchukua miaka 1,300 na zaidi!

Nani basi ameliwasha? Msidhani linaungua. Ndani yake mna nyota changa zenye joto kali sana, nazo hutoa miali isiyoonekana kwa macho. Miali hiyo ikiipiga chembe ya haidrojeni, huinyang'anya elektroni yake. Elektroni inapokamatwa tena na kushuka mahali pake, hutoa nuru, nyingi yake nyekundu. Mmeziona taa za rangi za maduka ya mjini? Nazo hazina utambi wala moto, ila hewa iliyosumbuliwa na umeme. Jambo hili na lile ni ndugu.

Mfaransa aitwaye Peiresc aliliona kwa darubini mwaka 1610. Mwaka 1880 Henry Draper wa Marekani alilipiga picha.

Lakini kubwa ni hili: humo nyota zinazaliwa. Hewa hujikusanya kwa uzito wake, ikajibana, ikapata moto, ikawa nyota. Katika miaka ya 1990 darubini ya Hubble ilionyesha nyota changa zilizozungukwa na sahani za vumbi na hewa, na humo sayari huweza kutokea. Jua letu pia lilitokana na wingu la hewa na vumbi, yapata miaka milioni 4,600 iliyopita.

Chagueni usiku usio na mbalamwezi. Msitazamie wekundu, nuru ikiwa haba jicho halitambui rangi, kwa hiyo mtaona kijivu tu. Wekundu huonekana katika picha.

Sasa fungueni madaftari, mwandike: nuru, miali, chembe. Kwaherini.