Saratani Haitibiwi kwa Tabasamu, Lakini Ratiba Ina Kazi Yake

Mgonjwa wa saratani akirudi Kilwa kutoka matibabuni Dar es Salaam, wanaokuja kumjulia hali humwambia mambo mawili. La kwanza, ajipe moyo. La pili, apumzike, asiguse kitu. Yote mawili hutoka kwenye mapenzi. Tafiti za miaka ya karibuni, hata hivyo, zinaonyesha kwamba la kwanza halina nguvu tunayodhani linayo, na la pili, likizidi, humdhoofisha mgonjwa.

Mwaka 2007 mwanasaikolojia wa Marekani James Coyne na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo. Walikuwa wamepima hali ya moyo ya kila mmoja matibabu yalipoanza, kisha wakafuatilia nani aliishi muda gani. Wachangamfu hawakuishi zaidi ya wenye majonzi. Kwa mgonjwa hii ni habari njema: usiku akilia, hajaipa saratani chakula, na hana deni la kutabasamu mbele ya wageni. Kinachombadilishia siku zake ni mambo ya kawaida kabisa: kuamka kwa wakati, kula, kutembea, kufanya kazi ndogo ndogo, na kutokosa siku ya matibabu.

Siku zenye hesabu

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 kwa mwaka. Mwanamke wa Kilwa anaweza kuanzia Hospitali ya Kinyonga iliyoko Kilwa Kivinje, au ya Sokoine mjini Lindi, lakini mionzi humpeleka hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996. Ni safari ya kama kilomita 300 kutoka Kilwa Masoko, na kama 450 kutoka Lindi mjini.

Mionzi ya saratani hiyo kwa kawaida hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa takriban wiki tano. Mara moja kwa wiki huongezwa dripu ya dawa iitwayo sisplatini, na mwishoni hufuata mionzi ya ndani. Kila siku mgonjwa hulala kwenye kitanda chembamba, mtaalamu akamweka sawa kwa kufuata alama zilizochorwa ngozini kwa wino, kisha mashine humzunguka kwa dakika chache bila maumivu yoyote. Alama hizo ndizo zinazohakikisha mionzi inaangukia mahali pale pale kesho na keshokutwa. Kwa hiyo hata kuoga kunabadilika: maji humiminwa taratibu, dodoki huwekwa kando, na ngozi hukaushwa kwa kugusagusa.

Mionzi huharibu vinasaba vya seli. Seli nzima hujikarabati hadi kesho yake. Za saratani hujikarabati vibaya zaidi, na dozi inayofuata huzikuta bado hazijainuka. Mgonjwa akikatiza katikati, zilizosalia hupata nafasi ya kuongezeka. Ndiyo maana madaktari hutaka tiba yote, ya nje na ya ndani, ikamilike ndani ya wiki nane. Kila siku inayozidi hapo hupunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa takriban asilimia 0.5 hadi 1.

Mei 2024, mafuriko na Kimbunga Hidaya vilipoikata Barabara ya Kusini maeneo ya Somanga, mawasiliano ya barabara hiyo kati ya mikoa ya kusini na Dar es Salaam yalikatika. Kwa mwenye tarehe ya matibabu, kukwama namna hiyo kunaigusa tiba yenyewe. Basi nauli, mahali pa kufikia mjini na mtu wa kubaki na watoto vipangwe mapema, kwa uzito uleule wa dawa.

Uchovu usioondoka kwa kulala

Wagonjwa wengi husema kinachowatesa zaidi ni uchovu. Huu si ule wa kutoka shamba la mikorosho. Hausababishwi na kazi, na usingizi hauuondoi. Ndani yake mna upungufu wa damu, kemikali ambazo mwili huzitoa unapopambana na uvimbe, na misuli inayopungua. Kulala kutwa huzidi kuila misuli, na kesho yake hata kwenda chooni huwa safari.

Mwaka 2017 mtafiti Karen Mustian na wenzake walikusanya majaribio 113 yenye wagonjwa zaidi ya 11,000, wakalinganisha njia za kupunguza uchovu huo. Mazoezi na ushauri wa kisaikolojia vilisaidia kuliko dawa. Mazoezi yenyewe si ya kukimbia. Wataalamu hupendekeza kutembea kwa takriban nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza. Asiyeweza nusu saa aanze na dakika tano, kutoka mlangoni hadi kwa jirani. Mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa, au damu iliyoshuka sana, amuulize daktari kwanza.

Usingizi nao hupangwa kuanzia asubuhi, kwa sababu saa ya ubongo hurekebishwa na mwanga. Hapa watu wa pwani wana msaada ulio tayari: swala tano zimekwisha kuigawa siku. Aliyeamka alfajiri, akaswali hata kama ni kwa kuketi, kisha akakaa barazani mpaka jua lichomoze, ameshaiweka sawa saa hiyo. Usingizi wa mchana usivuke nusu saa, na uishe kabla ya alasiri.

Bamvua na maji mafu

Wanawake wanaochokoa pweza hawaendi mwambani kila siku. Husubiri bamvua, maji yanapokupwa mbali. Maji mafu yakiingia, hushika kazi nyingine. Mgonjwa anayepewa dripu kila baada ya siku 21 anaweza kuisoma mizunguko yake vivyo hivyo. Siku chache za mwanzo ni za kichefuchefu: milo midogo midogo, uji, mihogo ya kuchemsha, maji mara kwa mara. Kati ya siku ya 7 na ya 14 chembe nyeupe za damu hushuka: aepuke msongamano, anawe mikono, samaki na pweza waive kabisa. Wiki ya tatu nguvu hurudi, na hapo ndipo pa kuweka harusi ya mpwa au mzigo wa sokoni. Daftari la shule latosha: tarehe ya dripu, kilichoumiza, kilicholika. Baada ya mizunguko miwili, daktari naye atanufaika nalo.

Katika daftari hilo mstari mmoja uandikwe kwa herufi kubwa: joto la 38 au zaidi ni dharura. Lindi ni mkoa wa malaria, na mtu akipata homa huenda duka la dawa, akanunua dawa mseto na kusubiri. Kwa mwenye chembe nyeupe chache, kusubiri huko kunaweza kumuua, kwani homa huenda ni maambukizi yaliyoingia kwenye damu. Malaria ipimwe, lakini hospitali, siku hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa mhudumu liwe kwamba yuko kwenye dawa za saratani. Dawa za miti zitajwe pia, maana nyingine hugongana na za hospitali.

Ramadhani ikiingia katikati ya tiba, dini imemruhusu mgonjwa kula. Sisplatini huumiza figo, na mwili usio na maji huumia zaidi.

Ratiba haikomi dripu zikiisha. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya jaribio la wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Canada na Australia. Waliopangiwa mazoezi kwa miaka mitatu baada ya tiba, asilimia 80 walikuwa hai bila saratani kurejea baada ya miaka mitano. Waliopewa vijitabu vya afya tu walikuwa asilimia 74. Kwa saratani nyingine faida hiyo haijathibitishwa kwa kiwango hicho. Lakini wagonjwa wale hawakuachiwa peke yao: kila mmoja alikuwa na mshauri wa kumfuatilia. Kilwa mshauri wa namna hiyo hayupo, ila jirani yupo. Badala ya kumwambia mgonjwa apumzike, ampitie saa kumi na mbili asubuhi, watembee.