Kazi ipo ziwani, lakini staha yake bado

MWAKA wa 2015, mataifa wanachama wa Umoja wa Mataifa yalipitisha Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, na katika lengo la nane yakaahidi kazi yenye staha kwa wote. Ahadi hiyo haipimwi barabara katika maofisi ya Nairobi. Hupimwa mahali kama Magunga, mji mdogo wa eneo la Gwassi katika Kaunti ya Homa Bay, ambako milima huteremka hadi Ziwa Victoria na riziki ya jamii nyingi hutoka majini.

Dhana yenyewe ilitangulia malengo hayo. Ilitangazwa mwaka wa 1999 na Juan Somavia, aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Kazi Duniani (ILO). Alisema haitoshi kuhesabu watu walio kazini. Sharti pia iulizwe kama wana haki kazini, kama wana kinga wanapougua au kuzeeka, na kama sauti yao husikika.

Kwa kipimo hicho, uvuvi wa omena una maswali mengi. Kazi hufanywa usiku wa giza, kwa kuwa samaki hao wadogo hufuata mwanga wa taa. Mwenye mashua na nyavu aghalabu hubaki nchi kavu, na mabaharia ndio waingiao ziwani. Kulipokucha na samaki kuuzwa, gharama za safari huondolewa kwanza, kisha kinachosalia hugawanywa baina ya mwenye chombo na mabaharia. Usiku usio na samaki hauna malipo. Mwenye mashua huhesabu hasara ya mafuta, naye baharia hurejea nyumbani mikono mitupu baada ya kuhatarisha maisha yake katika mawimbi.

Je, baharia huyu ni mwajiriwa? Hapa ndipo fundo lilipo. Sheria ya Ajira ya 2007 humtambua mwajiriwa kuwa mtu afanyaye kazi kwa ujira au mshahara. Anayelipwa kwa fungu la mapato, bila mkataba wa maandishi, huona vigumu kuthibitisha kwamba ana mwajiri. Bila mwajiri, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, iliyopitishwa mwaka uo huo, haimfai kitu mashua inapopinduka, na wajane hubaki wakichangiwa na majirani.

Upo pia mkataba wa ILO nambari 188 kuhusu kazi ya uvuvi, ambao Kenya iliridhia mwaka wa 2022. Mkataba huo hudai makubaliano ya maandishi, mapumziko, na matibabu kwa wavuvi. Hata hivyo, huruhusu nchi kuviacha nje vyombo vinavyovua katika mito na maziwa pale utekelezaji unapokuwa mgumu. Mlango huo ni mpana mno kwa nchi ambayo wavuvi wake wengi wako ziwani.

Kwa wanawake, mambo ni mazito zaidi. Wao ndio hununua, hukausha na kuuza omena, lakini ni wachache wanaomiliki mashua. Ndiyo asili ya jaboya, yaani mwanamke kulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili auziwe samaki, desturi ambayo imechangia kusambaa kwa virusi vya Ukimwi katika fuo za ziwa hili. Mwaka wa 2011, wanawake wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, walianza kupewa mashua zao wenyewe kwa ufadhili, wakawaajiri wanaume kuvua. Mizani ikageuka, ila si kwa kudumu: mafuriko ya 2020 yalikizamisha kijiji hicho na wengi wakahama. Mahubiri hayakuwa yamewatoa katika jaboya. Yaliyowatoa ni mali.

Kenya ina takriban asilimia sita tu ya ziwa, na samaki hawaongezeki kwa kadiri ya nyavu. Msimu wa kufunga uvuvi wa omena, ambao kwa kawaida huangukia baina ya Aprili na Julai, huwapa samaki nafasi ya kuzaana, lakini humnyima baharia mapato bila kumpa mbadala. Kumwambia mtu ahifadhi ziwa huku watoto wakilala njaa ni kumtwika yeye peke yake gharama ya maendeleo endelevu.

Nafasi za kazi mpya zinaweza kupatikana nchi kavu. Omena wanaoanikwa chini huharibika mvua inaponyesha, kisha huuzwa kwa bei duni kuwa chakula cha mifugo. Wakianikwa juu ya vichanja hukauka upesi, bila mchanga, na bei hupanda pasipo kuongeza hata wavu mmoja ziwani.

Kuhusu kinga, mfumo wa bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii ulioanza Oktoba 2024 humtaka asiye na mshahara kuchangia asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, isiyopungua Sh300 kwa mwezi, na kimsingi alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Baharia hupata fedha kwa usiku, si kwa mwaka. Lakini kila ufuo una kamati ya usimamizi chini ya kanuni za 2007, yenye daftari la wamiliki, mabaharia na wachuuzi. Kupitia daftari hilo, mchango ungeweza kukatwa kidogo kidogo samaki wanapouzwa, na fungu la mwenye mashua likachangia pia.