Gari la babu, breki za leo

Familia ikiamua kuifufua Land Rover 109 ya babu, aghalabu pesa ya kwanza huishia kwenye rangi. Kwa watu wa Somanga ningeshauri kazi ianzie chini ya gari. Gari hilo lilitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, na mengi ya matoleo ya awali yana njia moja tu ya mafuta ya breki. Bomba likipasuka, pedeli inazama na hakuna gurudumu linaloshika. Nayo mabomba ya chuma huliwa na hewa ya chumvi hata gari likiwa limelala tu chini ya mwembe.

Fundi mzuri hufunga masta silinda yenye njia mbili, ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki. Mbele anaweza kuweka diski, kama zile ilizokuja nazo Land Rover 110 mwaka 1983. Diski hupoa haraka na hukauka upesi baada ya kupita majini, na barabara hii ya Dar es Salaam hadi Lindi tuliiona ikikatwa na mafuriko hapa Somanga wakati wa Kimbunga Hidaya, Mei 2024. Ila diski hudai mguu wenye nguvu, kwa hiyo huongezwa busta, na injini ya dizeli huhitaji pampu ya kuvuta hewa ili busta ifanye kazi. Fundi asiyekwambia hilo mapema, mkimbie.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vumbi. Breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani: ya mapafu, ya koo la sauti, ya ovari, na ya utando unaofunika mapafu. Ugonjwa unaweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye. Kwa macho huwezi kujua breki ipi ina asbesto, basi chukulia kuwa yote inayo.

Dramu ikifunguliwa, vumbi lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo, wala kufagiliwa kavu. Liloweshwe, lifutwe kwa tambara bichi, tambara lifungwe kwenye mfuko. Kitambaa puani hakitoshi. Watoto, ambao hupenda mno kuchungulia gari likifunguliwa, wakae mbali. Baba naye avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, wala mama asizikung'ute. Zilowekwe peke yake.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, kwani hunyonya unyevu. Yale ya DOT 4 huchemka kwenye nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Oili ya injini isitiwe humo kamwe, huharibu mipira.

Jaribio la kwanza lifanyike asubuhi, mahali tambarare pasipo watu, mwendo wa pole, bila abiria nyuma.