Gamba Gumu Halitoshi: Tuulize Kilichomo Ndani ya Kipakatalishi

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila nipitapo barabara ya Luthuli na ile ya Moi, katikati mwa jiji la Nairobi, nikasikia jinsi wauzaji wanavyovisifu vipakatalishi vigumu vilivyokwisha kutumiwa ng'ambo. Mnunuzi huonyeshwa gamba la chuma, pembe zilizovishwa mpira na kibodi isiyodhurika maji yakimwagika. Ni nadra kumsikia akiuliza: ndani mna nini?

Sipingi ununuzi wa mashine ngumu. Mwalimu asafiriye kila siku kwa matatu kutoka Kawangware hadi Uthiru, vumbi na msongamano vikimwandama, ana haki ya kutaka chombo cha kudumu. Kampuni ya Panasonic ilianza kuuza Toughbook mwaka 1996 kwa ajili ya watu wa kazi za nje kama yeye. Lakini gamba hulinda chombo tu. Kazi hufanywa na programu. Kwa shule zetu, naamini programu ifaayo ni ile yenye sifa mbili: hufanya kazi bila intaneti, na sheria humruhusu mwalimu kumgawia mwanafunzi wake bila malipo.

Somo hili tumekwisha kulipata papa hapa nyumbani. Mwaka 2015 kampuni ya BRCK, iliyoanzia kando ya barabara ya Ngong, ilizindua Kio Kit, yaani sanduku gumu lenye tabuleti 40. Waundaji wake hawakuishia kwenye ugumu wa sanduku. Walitia ndani yake kifaa cha kuhifadhia masomo, ili watoto wayasome hata pale ambapo mtandao haupo. Mwaka uliofuata, serikali ilianza kusambaza vifaa vya kujifunzia vya kidijitali katika shule za msingi za umma, na zaidi ya milioni 1 vilifikishwa kwa wanafunzi. Vifaa hivyo viliundwa kustahimili mikono ya watoto wa darasa la kwanza. Hata hivyo, shule si chache zilivifungia kabatini, huku zikitaja ukosefu wa umeme, hofu ya wizi na mafunzo haba kwa walimu. Gamba halikuwa na hatia.

Je, mwalimu atie nini katika mashine yake? Kwanza, Kiwix. Programu hii humwezesha mtu kusoma ensaiklopidia nzima bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, huenea katika kadi ndogo ya kuhifadhia, na nafasi ikabaki. Pili, Kolibri. Hii hukigeuza kipakatalishi kuwa maktaba ya darasa: simu na tabuleti za wanafunzi, zikiunganishwa nacho chumbani humo, husoma vitabu na kutazama video za masomo bila mtu yeyote kununua data. Tatu, LibreOffice, ya kutungia mitihani na kupangia alama. Nne, GeoGebra, iliyobuniwa na Markus Hohenwarter wa Austria mwaka 2001. Mwanafunzi huvuta pembe ya pembetatu na kuona kwa macho yake vipimo vikibadilika. Tano, Scratch, iliyotolewa mwaka 2007, ambayo humfunza mtoto misingi ya kuandika programu kwa kupanga vipande vya maagizo.

Huenda msomaji akauliza: mbona tujihangaishe hivi ilhali Nairobi imejaa mtandao? Swali hilo ni la haki, lakini mtandao kuwapo si sawa na mtandao kumfikia mtoto. Mzazi wa Kawangware anayepima baina ya unga na data atachagua unga, nami siwezi kumlaumu. Wala data ya mwalimu mmoja haiwezi kulitosheleza darasa la wanafunzi hamsini.

Sifa ya pili, yaani uhalali, hupuuzwa zaidi. Mwalimu mmoja wa Kangemi ninayemfahamu aliuziwa mashine ngumu kwelikweli katika duka moja la jijini, ikiwa imetiwa programu ya kuandikia iliyovunjwa kufuli. Msimu wa mitihani ulipowadia, virusi vilikuwa vimekwisha kuziharibu faili zake zote za alama. Gamba la mashine halikuwa na hata mkwaruzo! Zaidi ya hasara hiyo, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huzilinda programu za tarakilishi kama inavyovilinda vitabu. Mwalimu awezaje kumkemea mwanafunzi aliyeiba majibu, ilhali mtihani wenyewe umechapwa kwa programu ya wizi?

Aidha, tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi kuukuu haziikubali Windows 11. Mashine za namna hiyo si za kutupwa. Zitiwe Ubuntu, mfumo wa bure uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 na kuasisiwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Programu zote nilizozitaja zinaweza kutumika humo.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba vitu hivi huteremka kutoka mbinguni. Linux, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki. VLC, programu ya kuchezea video, ilizaliwa kutokana na kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja cha uhandisi nchini Ufaransa. Waliandika programu hizo wakiwa bado masomoni, kisha wakaziachia dunia. Kitu kinachogawiwa kwa uhuru hukuruhusu pia ukifungue ndani, ukichunguze na ukirekebishe.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, kabla hamjalipia mashine, muulizeni mwenye duka maswali mawili: programu hizi zitafanya kazi pasipo mtandao? Je, nina ruhusa ya kumpa mwanafunzi wangu nakala? Akijikuna kichwa, chukueni mashine tupu, mkatie wenyewe mnayoyataka.