Nyoka Akijivua Gamba, We Kausha

Siku hizi ukishika simu janja humalizi dakika mbili TikTok bila kukutana na msela wa Marekani kakaa kwenye sofa, chatu kamzunguka shingoni, anakula zake chipsi. Kwenye komenti machalii wa Katesh, Dongobesh, Haydom na Mbulu mjini wamejaa: "Na mimi namtaka huyo." Poa, kutamani hakulipiwi ushuru. Ila kuna kipindi kwenye maisha ya nyoka kinawaumbua mabishoo wote wanaofuga kwa ajili ya kiki: pale anapojivua gamba.

Wabongo wengi tulisikia habari za kujivua gamba kwenye siasa, 2011, CCM walipotangaza hiyo ishu na sekretarieti yao ikaachia ngazi. Nyoka mwenyewe haitishi kikao. Ye anajifungia kimya, na anachotaka kutoka kwako ni kimoja tu: umwache.

Ngoma inaanza hivi. Mwili wa nyoka unakua, gamba la juu halikui nao, kwa hiyo jipya linajitengeneza chini ya lile la zamani. Dogo anayekua fasta anaweza kujivua kila mwezi au mwezi na nusu. Akishakuwa mkubwa anapunguza mwendo, inakuwa mara chache kwa mwaka. Dalili ya kwanza ni rangi kufubaa. Ya pili ndiyo inatisha wageni: macho yanapiga ukungu wa bluu. Nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na kigamba kimoja kiangavu, na hicho nacho kinavuliwa pamoja na ngozi. Majimaji yakiingia kati ya gamba jipya na kuukuu, ndiyo unaona ule ukungu. Hapo mwana haoni vizuri, kwa hiyo anamaindi kila kitu. Kivuli kikipita, anafoka. Msosi anaukataa. Si kwamba anaumwa wala kalogwa.

Baada ya siku kadhaa macho yanarudi kuwa safi. Hapa ndipo wengi wanajichanganya, wanadhani mchezo umeisha, wanamtoa kwenda kupiga naye selfi. Kumbe bado. Zinapita tena siku chache ndipo kazi yenyewe inaanza. Anasugua pua kwenye jiwe au kijiti mpaka ngozi ya midomoni inaachia, anainasa mahali penye mikwaruzo, halafu anatambaa kwenda mbele taratibu. Gamba linabaki nyuma limegeuka ndani nje kama soksi iliyovuliwa kuanzia juu. Akiwa na afya na mazingira yako fresh, linatoka zima, kuanzia puani hadi mkiani.

Sasa mlezi anafanya nini muda wote huo? Karibu hamna, na hiyo hamna ndiyo ngumu. Usimshike, maana gamba jipya bado laini, ukimvuta linachanika. Usimlishe kwa nguvu, na usimwachie panya hai humo ndani. Nyoka asiyeona vizuri anaweza kung'atwa yeye. Mwekee karai la maji analoweza kuingia akajilowanisha, kijiti au jiwe la kujisugulia, na sehemu ya kujificha yenye unyevunyevu: kopo la plastiki lenye tundu, ndani taulo la pamba uliloloweka ukalikamua. Spreya ya maji kama ile ya kinyozi inatosha kupuliza kwenye boksi lake. Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayependwa na wafugaji wa nje, siku za kawaida anataka unyevu wa asilimia 50 hadi 60. Akianza kufubaa, wanampandishia mpaka kama 70. Upande wa joto wa boksi unakaa kwenye nyuzi 30 hadi 32, upande wa pili unakuwa wa baridi kidogo, achague mwenyewe.

Hapo sasa vuta picha ya kwetu. Mbulu Juni na Julai watu wanalala na mablanketi mawili, asubuhi ukungu, mchana upepo wa kwenye bonde la ufa unakausha mpaka midomo inapasuka. Shuka chini ya mlima Hanang kuelekea Ziwa Balangida, kiangazi vumbi na chumvi vinaruka hewani. Kama mdomo wako wewe unapasuka, chatu wa geto mwenye gamba la kuvua hana chake. Hewa kavu inaligandisha gamba, linatoka vipandevipande. Ongeza na umeme kukata usiku, balbu ya joto imezima, hapo ushamuumiza kiumbe wa watu kwa sababu ya likes.

Wafugaji wanaojielewa wana kazi moja baada ya gamba kutoka: kulikagua. Unalitandaza pole pole, unaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Angalia kichwani: vile vigamba viwili vya macho vipo? Angalia mwisho: ncha ya mkia imetoka? Kipande kikibaki mkiani kinabana, damu haipiti, na ncha inaweza kufa ikakatika. Dawa yake ni maji ya uvuguvugu, kina kifupi kisichomzamisha, kama nusu saa, we umekaa hapohapo, kisha unampitisha kwenye taulo bichi ajisugue mwenyewe. Jichoni usiguse. Hamna cha kibano, hamna cha kucha. Kigamba kikigoma, hiyo ni kazi ya daktari wa wanyama. Na ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni, kwa sababu nyoka wanabeba bakteria wa salmonela hata wakionekana wasafi.

Turudi kwenye ishu ya kumiliki. Kabla hujamtuma mtu porini akuletee chatu, jua kwamba wanyamapori wa nchi hii wanasimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Bila kibali, kumweka geto ni kesi, na TAWA, mamlaka ya wanyamapori, hawana utani. Chatu wote wako pia kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao unabana biashara yao kutoka nchi moja kwenda nyingine. Na 2016 Serikali ilipiga stop kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, kwa hiyo anayekuambia ana dili la kuuza nyoka Ulaya anakuingiza choo cha kike.

Unataka kuwaona bila kesi? Zali lenyewe liko njiani. Utoke Mbulu kwa kupitia Karatu, au utoke Katesh kwa kupitia Babati, njia zinakutana Makuyuni, na kabla hujaingia Arusha unapita Meserani. Pale kuna bustani ya nyoka tangu miaka ya 1990, na kliniki inayotibu waliong'atwa. Utamkuta koboko, fira, moma na chatu, kila mmoja nyuma ya kioo chake. Ukipata bahati ya kumkuta mmoja macho yana ukungu, muulize mhudumu anamfanyaje. Kanda ya Ziwa nako, Wasukuma wana wacheza ngoma wa nyoka wanaojua kuishi na chatu tangu enzi za mababu. Ujuzi upo Bongo, si lazima utoke YouTube.

Kwa wengi wetu lakini nyoka wa kweli si wa boksi, ni wa stoo ya mahindi na shamba la alizeti. Ukikuta gamba limeachwa kwenye kona, usipagawe na urefu wake. Gamba linavutika likivuliwa, kwa hiyo mwenyewe ni mfupi kuliko hilo unaloliona. Pengine ni yule nyoka wa nyumbani asiye na sumu, anayekulia panya wanaokumalizia mahindi. Ukimkuta mwenyewe yuko live, amefubaa, macho bluu, rudi nyuma. Haoni, ana wasiwasi, na hajui kama wewe ni mshkaji. Moma ndiye mbaya zaidi kwa sababu hakimbii, analala hapohapo njiani akisubiri umkanyage. Usiku vaa buti, washa tochi.

Na akikugonga, hamna kuchanja, hamna kunyonya sumu, hamna kufunga kamba mpaka mguu uwe mweusi. Tulia, usiutikise mguu, washkaji wakubebe mpaka hospitali iliyo karibu, na ukiwa upande wa Mbulu, hospitali ya Haydom ipo tangu 1955. Usimkimbize nyoka ili umbebe kama ushahidi. Waambie tu ulichokiona, waache madaktari wapige kazi.