Kabla ya Kupanda Mgunga, Tuulize Mbegu Imetoka Wapi

Msimu wa kupanda miti unapokaribia, swali letu la kwanza huwa ni aina ya mti. Mara chache tunauliza la pili: mbegu yenyewe ilichumwa wapi? Kwa miti ya jamii ya migunga, swali hilo laweza kuamua kama baada ya miaka mitano tutakuwa na kivuli au mashimo matupu.

Tuchukue mfano wa mkababu, ambao wataalamu waliuita Acacia albida na siku hizi huuita Faidherbia albida. Wakulima huupenda kwa sababu hupukutisha majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi. Mazao yaliyo chini yake hupata jua, na mifugo hupata majani na maganda malisho yanapokauka. Mti huu huota kuanzia Senegali hadi Ethiopia, na kushuka mpaka Namibia. Jina ni moja, lakini kuishi vizazi vingi katika mazingira tofauti kumeupa tabia tofauti.

Watafiti hulinganishaje asili za mbegu? Huotesha mbegu za sehemu mbalimbali katika kitalu kimoja, kisha hupanda miche katika shamba moja. Kila asili hupewa vipande kadhaa vinavyogawanywa kwa kura, isije moja ikapata udongo mzuri peke yake. Baadaye huhesabu miti iliyo hai, hupima urefu wake, na pia unene wa shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini.

Majaribio ya mkababu katika nchi kavu za Afrika Magharibi yalitoa funzo kubwa. Miche ya asili ya kusini mwa Afrika ilirefuka haraka juu ya ardhi, lakini mingi ilikufa. Ile ya Afrika Magharibi ilizamisha mizizi upesi zaidi, ikastahimili. Maji yakiwa mbali chini, mzizi ndio uhai.

Kwa hiyo wastani wa urefu peke yake hudanganya, maana hupimwa kwa miti iliyobaki tu. Tuseme tumepanda miche 100 ya kila asili. Ya kwanza imebakiza miti 30 yenye mita 4. Ya pili imebakiza 85 yenye mita 3. Mkulima atachagua ipi?

Idadi ya miti mama nayo ina uzito. Acacia mangium ilipelekwa Sabah, Malaysia, mwaka 1966 kwa mbegu za mti mmoja kutoka Queensland, Australia. Vizazi vilivyofuata vilidhoofika kwa kuzaana ndugu kwa ndugu. Baadaye majaribio yalionyesha kuwa mbegu za Papua New Guinea hukua vizuri zaidi kuliko zile za eneo lile la Queensland.

Basi tunapokwenda kitaluni tuulize: mbegu hizi zimetoka wapi, mvua ya huko ni kiasi gani, na zilichumwa kwenye miti mingapi? Tukichuma wenyewe, tuchague miti yenye afya, 25 au zaidi, iliyoachana vya kutosha, katika mahali panapofanana na shamba letu. Kisha tuandike asili hiyo kwenye mfuko. Atakayepanda baada yetu ataihitaji.