Rais wa Mwaka Mmoja: Rotary na Viongozi wa Klabu Zake

Kila tarehe 1 Julai, klabu za Rotary hubadilisha uongozi duniani kote. Rais aliyemaliza muda wake huvua mkufu wa cheo akamvisha mrithi wake, humkabidhi kengele na nyundo ya mikutano, kisha hurudi kukaa na wanachama wenzake. Rotary ina wanachama wapatao milioni 1.2, katika nchi na maeneo zaidi ya 200. Viongozi wa klabu hawalipwi chochote. Ni mawakili, madaktari, wahasibu na wafanyabiashara ambao kazi ya klabu huishughulikia jioni, ya ofisini ikishakwisha. Mfumo mzima wa kuwasaidia umejengwa ili kujibu swali moja: mtu asiye na mshahara, na ambaye pengine hajawahi kukalia kiti hicho, ataendeshaje klabu kwa miezi 12 na kuondoka bila kazi kulala?

Desturi ya kupokezana madaraka ina umri sawa na Rotary yenyewe. Wakili Paul Harris na wenzake watatu walipokutana Chicago tarehe 23 Februari 1905, urais wa klabu hiyo ya kwanza haukwenda kwake bali kwa Silvester Schiele, mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Kubadilishana kila mwaka kunaizuia klabu isigeuke mali ya mtu mmoja, na kunawapa wanachama wengi nafasi ya kujifunza uongozi. Gharama yake ni kumbukumbu. Anayeondoka huenda na majina ya wafadhili, ahadi zilizotolewa kwa mwalimu mkuu wa shule fulani, na sababu zilizofanya mradi fulani usimame.

Maandalizi kabla ya kiti

Dawa ya kwanza ni kumchagua kiongozi mapema. Kabla ya kuapishwa, rais ajaye hutumikia kwanza kama rais mteule na huwa na kiti kwenye bodi ya klabu. Rais aliyetoka naye hubaki kwenye bodi, kwa hiyo jana, leo na kesho ya klabu hukaa meza moja pamoja na katibu na mhazini.

Rais mteule anatakiwa kuhudhuria semina ya marais wateule, ambayo kwa kawaida hufanyika Februari au Machi. Asiyeweza kufika huomba udhuru kwa gavana mteule, yaani kiongozi ajaye wa kundi la klabu linaloitwa wilaya. Huko hufundishwa mambo ya kila siku: kupanga malengo ya mwaka, kugawa kamati, kusimamia bajeti, kuwapata wanachama wapya na kuwafanya wasiondoke. Faida nyingine ya semina haimo kwenye ratiba. Marais wa mwaka mmoja hufahamiana kabla ya kuanza kazi, na baadaye wa Mwanza hujua ampigie nani simu Kampala akikwama. Makatibu, wahazini na wenyeviti wa kamati hupata mafunzo yao katika kikao kingine cha wilaya kabla ya Julai.

Gavana na wilaya yake

Wilaya ya Rotary si wilaya ya serikali. Ni kundi la klabu zilizo chini ya gavana mmoja, na wilaya moja yaweza kuvuka mipaka ya nchi. Afrika Mashariki inaonyesha jinsi mipaka hiyo inavyofuata idadi ya klabu. Mwaka 2013 Wilaya 9200 iligawanywa kuwa wilaya mbili: Tanzania na Uganda zikawa Wilaya 9211, Kenya ikaungana na Ethiopia, Eritrea na Sudan Kusini katika Wilaya 9212. Miaka kumi baadaye Wilaya 9211 nayo ikagawanywa. Sababu ni ya kiutendaji: gavana anatakiwa azitembelee klabu zake zote katika mwaka wake, na klabu zikizidi ziara hugeuka salamu za haraka.

Gavana pia ni mwanachama wa kujitolea aliyewahi kuwa rais wa klabu. Kwa sababu huchaguliwa miaka kadhaa kabla, ana muda wa kujiandaa, na miezi michache kabla ya kuanza huhudhuria mafunzo ya kimataifa ya magavana wateule. Anapoitembelea klabu huketi kwanza na bodi, hupitia malengo, hesabu na orodha ya wanachama, ndipo azungumze na klabu nzima. Chini yake wapo magavana wasaidizi, kila mmoja akiwa na klabu chache za kuziangalia kwa karibu. Hao ndio rais huwapigia simu bodi inapogawanyika au mahudhurio yanaposhuka, kwa kuwa wako karibu na wanaijua klabu.

Ofisi na zana za kazi

Makao makuu ya Rotary yako Evanston, katika jimbo la Illinois, Marekani. Watumishi wa kuajiriwa wako huko na katika ofisi za kanda, mojawapo ikiwa Zurich, Uswisi, inayohudumia Ulaya na Afrika. Kuna maofisa maalumu wa kusaidia klabu na wilaya, ambao hujibu maswali ya katiba, uchaguzi na ada.

Sehemu kubwa ya msaada huo sasa hupatikana kwenye tovuti ya wanachama. Katika sehemu iitwayo Rotary Club Central, rais huandika malengo ya mwaka na kurekodi yaliyotimia. Mrithi wake akiingia huyakuta malengo ya miaka iliyopita, na hapo ndipo sehemu ya ile kumbukumbu inayopotea huokolewa. Kuna pia masomo ya mtandaoni kwa kila cheo, na ghala la nembo na mabango ambayo klabu hujazia jina lake.

Fedha zenye masharti

Msaada mzito zaidi hupitia Mfuko wa Rotary, The Rotary Foundation, uliotokana na wazo alilolitoa Arch Klumph mwaka 1917. Michango ya kila mwaka huwekezwa kwa miaka mitatu. Kisha sehemu yake hurudi wilayani na sehemu huingia mfuko wa dunia. Wilaya hutumia fedha zake kutoa ruzuku ndogo kwa miradi ya klabu, au kuchangia ruzuku za kimataifa.

Mfano ni klabu inayotaka kuchimba kisima kijijini kwa ruzuku ya kimataifa. Bajeti haiwezi kuwa chini ya dola 30,000 za Marekani. Klabu lazima ipate mshirika kutoka nchi nyingine, na kila upande uunde kamati ya watu watatu. Kabla ya kuomba, wanakijiji wenyewe huulizwa wanahitaji nini na nani atalitunza bomba pampu ikiharibika. Klabu hupeleka mtu kwenye mafunzo ya usimamizi wa ruzuku, hutia saini makubaliano na wilaya, hufungua akaunti ya mradi yenye watia saini wawili, na hutoa taarifa kila baada ya miezi 12 hadi mradi uishe. Masharti haya yanaweza kumchosha rais, lakini mradi wa aina hii mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko mwaka wake. Kamati, akaunti na taarifa huufanya usimtegemee yeye peke yake.

Mipaka ya msaada

Makao makuu hayachagui mradi wa klabu wala rais wake. Klabu hulipa ada ya kila mwanachama mara mbili kwa mwaka, Julai na Januari, na isiyolipa hatimaye hufutwa. Nje ya hapo na ya kufuata katiba, inajiendesha. Sheria zenyewe hutungwa na baraza linalokutana kila baada ya miaka mitatu, ambamo kila wilaya ina mjumbe. Baraza la mwaka 2016 lililegeza kanuni ya kukutana kila wiki, likaziruhusu klabu kukutana angalau mara mbili kwa mwezi. Lilikuwa jambo kubwa kwa klabu za vijana na za miji yenye foleni ndefu.

Udhaifu wa mfumo hutokana na vitu vilevile vinavyouwezesha. Zana za mtandaoni zinahitaji intaneti ya uhakika na lugha ambazo si Kiswahili, kwa hiyo mwanachama asiyesoma Kiingereza au Kifaransa hutegemea kutafsiriwa na wenzake. Gavana mzembe hupoteza mwaka mzima wa klabu dhaifu, kwa kuwa mwingine hawezi kuja kabla ya Julai. Semina humfundisha rais taratibu, lakini haiwezi kumpa moyo wa kuitisha kikao pale watu wanne tu wanapofika. Klabu zinazodumu ni zile zinazopanga kwa miaka mitatu badala ya mmoja, zinazomshirikisha rais mteule katika maamuzi kabla ya zamu yake, na ambazo marais wake wa zamani hukubali kushika kazi ndogo kwenye kamati baada ya kuvua mkufu.